Kutoka Matubwitubwi hadi Kijiwe cha Mate: Historia ya Kutambua na Kutibu Maradhi ya Tezi za Mate na Nafasi ya Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kutambuliwa na kutibiwa kwa vijiwe vya tezi za mate pamoja na maradhi yanayofanana navyo, tangu maandishi ya kale ya tiba hadi zana za sasa. Hoja yake kuu ni kwamba utambuzi wa maradhi haya ulisonga mbele kila mara wataalamu walipotenganisha vitu vinne vilivyokuwa vikibebwa na jina moja: uvimbe unaoonekana, tezi inayovimba, mfereji unaopitisha mate, na kitu kinachouziba mfereji huo. Katika Afrika Mashariki neno matubwitubwi bado linabeba sehemu kubwa ya mzigo huo peke yake, na matokeo yake humfikia mgonjwa. Makala inaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo zote za kutenganisha dhana hizi, na inapendekeza seti ndogo ya istilahi na maswali ya kutumiwa katika vituo vya afya vya ukanda huu.

1. Utangulizi

Maradhi mengi hupewa jina kutokana na kile ambacho jicho huona kwanza. Kiswahili kinalo kundi la majina ya aina hiyo yaliyoundwa kwa urudufishaji na kupachikwa kiambishi ma-: matubwitubwi, ambayo wengine huita machubwichubwi, na mafindofindo. La kwanza hutaja kuvimba kwa mashavu na shingo chini ya sikio, na la pili kuvimba kwa tezi za koo. Sambamba na matubwitubwi lipo pia neno perema. Haya ni maneno mazuri, yenye sauti inayobaki masikioni, na yamewatumikia wazazi kwa muda mrefu. Mama akisema mtoto ana matubwitubwi, kila aliyepo huelewa anamaanisha nini.

Hata hivyo, kuelewa kile kinachoonekana hakutoshi kujua kilichosababisha. Chini ya sikio na chini ya taya kuna jozi mbili za tezi kubwa za mate, na jozi ya tatu imelala chini ya ulimi. Tezi hizo zinaweza kuvimba kwa sababu ya virusi, bakteria, kijiwe kilichoziba mfereji, mwili kuzishambulia tezi zake wenyewe, maambukizi ya VVU, au saratani. Jina likiwa moja, maswali nayo huelekea kuwa moja, na tiba huwa ileile: kusubiri uvimbe upungue.

Makala hii imeandikwa na mtafiti wa lugha, si tabibu. Lengo lake si kufundisha upasuaji. Inasoma historia ya tiba kama historia ya dhana na majina, kisha inauliza historia hiyo inawaambia nini wapangaji wa sera za lugha na afya katika nchi zinazozungumza Kiswahili.

2. Uvimbe kabla ya tezi

Katika kitabu cha kwanza cha Magonjwa ya Mlipuko, kilichomo katika mkusanyiko wa maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, mna maelezo ya watu wa kisiwa cha Thasos waliovimba kando ya masikio. Wengine walivimba upande mmoja na wengine pande zote mbili. Wengi wao walikuwa vijana wa kiume, uvimbe ulitoweka bila kutunga usaha, na baadhi yao walipata maumivu na uvimbe wa korodani. Msomaji wa leo anatambua bila shida kwamba haya ni matubwitubwi ya virusi. La kuzingatia ni kwamba mwandishi yule hakuridhika kusema watu walivimba. Aliongeza kwamba uvimbe huu haukutunga usaha kama ule unaotokana na sababu nyingine. Alikwisha kujua kuwa chini ya sikio hapavimbi kwa sababu moja.

Kile ambacho wataalamu wa kale hawakuwa nacho ni elimu ya kiungo chenyewe. Katika mapokeo ya Kihippocrates, tezi zilielezwa kuwa vitu laini kama sponji vinavyofyonza unyevu wa mwili. Kwa mtazamo huo tezi hupokea maji kutoka kwingine. Haitengenezi kitu na haina njia ya kukitoa. Ambapo hakuna njia, dhana ya kuziba kwa njia haiwezi kuzaliwa.

Mapokeo ya tiba yaliyoandikwa kwa Kiarabu yaliongeza umakini wa upasuaji. Al-Zahrawi, mpasuaji wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alitenga sura katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake Al-Tasrif kueleza uvimbe unaoota chini ya ulimi na kuuzuia usifanye kazi yake. Aliuita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya chura, na Kilatini nacho kiliuita ranula, yaani kichura. Al-Zahrawi alimtaka mpasuaji autazame kwanza uvimbe huo mbele ya jua. Ukiwa mweusi, mgumu na usio na hisia, asiuguse, kwa kuwa ni saratani. Ukiwa mweupe na wenye majimaji, aupasue. Katika maelezo hayo jina lilibaki moja, lakini lilifuatwa na maswali yaliyoligawa. Hiyo ndiyo kazi ya uchunguzi wa tabibu.

3. Karne ya 17: kupatikana kwa mfereji

Mabadiliko makubwa yalitokea Ulaya katikati ya karne ya 17. Mwaka 1656 daktari Mwingereza Thomas Wharton alichapisha London kitabu kiitwacho Adenographia, kilichohusu tezi za mwili. Humo alieleza mfereji unaotoka katika tezi ya chini ya taya na kufunguka katika sakafu ya kinywa, nyuma ya meno ya mbele. Miaka minne baadaye, mwaka 1660, Niels Stensen, kijana Mdenmaki aliyekuwa akisoma Amsterdam, alikuwa akichunguza kichwa cha kondoo. Alipopitisha kijiti chembamba cha chuma katika mrija aliouona kwenye shavu, kilitokea ndani ya kinywa na kugonga meno. Huo ulikuwa mfereji wa tezi ya kando ya sikio. Mwalimu wake, Gerard Blaes, alidai kwamba ugunduzi ulikuwa wake, na mabishano yao yakaendelea kwa maandishi. Kabla ya karne hiyo kwisha, August Quirinus Rivinus wa Leipzig na Caspar Bartholin mdogo wa Copenhagen walikuwa wameeleza mifereji ya tezi ya chini ya ulimi.

Umuhimu wa ugunduzi huo unaonekana tukifikiria mgonjwa wa kijiwe. Baadhi ya vijiwe vya mate huguswa kwa kidole chini ya ulimi, na vingine hutoka vyenyewe na kudondoka kinywani. Havikuhitaji maabara ili vijulikane kuwa vipo. Kilichohitaji elimu ni kuhusisha jiwe lililo nyuma ya meno ya mbele na uvimbe ulio chini ya pembe ya taya, sentimita kadhaa nyuma yake. Mfereji ndio unaoviunganisha viwili hivyo. Tangu ulipojulikana, uvimbe wa taya na jiwe la sakafu ya kinywa viliweza kuelezwa kuwa ugonjwa mmoja.

4. Mate yanavyotoka na jiwe linavyoumbika

Karne ya 19 ilileta swali jipya: tezi hutoa mate kwa amri ya nani? Mwaka 1851 Carl Ludwig, mwanafiziolojia Mjerumani, alionyesha kwamba kusisimua neva ya tezi ya chini ya taya hufanya mate yatoke. Hivyo tezi ilionekana kuwa kiungo kinachofanya kazi yake chenyewe kwa kuamriwa na neva. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliendeleza elimu hiyo na kuonyesha kuwa mate hutiririka hata kabla chakula hakijafika kinywani, kwa kukiona au kwa dalili tu kwamba kinakuja.

Msemaji wa Kiswahili hashangazwi na jambo hilo. Lugha yake ina kitenzi kumezea mate, chenye maana ya kutamani kitu ambacho bado hakijapatikana. Embe bichi lenye chumvi na pilipili, ukwaju au ndimu ikitajwa tu, mate hujaa kinywani. Mwenye kijiwe ndiye anayeiona tofauti: mate yanapojaa na njia imezibwa, tezi huvimba na kuuma palepale, wakati wa kula au hata kabla ya tonge la kwanza, kisha hunywea polepole baada ya saa moja au mbili. Dalili hii ndiyo inayokitofautisha kijiwe na maradhi mengine mengi ya tezi za mate, na inapatikana kwa swali moja tu lisilohitaji mashine.

Vijiwe vyenyewe huumbika hasa kwa chumvi za kalsiamu na fosfeti zinazoganda juu ya kiini cha ute na mabaki ya seli. Takriban vinane katika kila kumi hutokea kwenye tezi ya chini ya taya. Sababu zinazotajwa ni kwamba mate ya tezi hiyo ni mazito na yana kalsiamu nyingi, mfereji wake ni mrefu, na mate hupanda kwenda juu kabla ya kutoka. Tezi ya kando ya sikio hutoa mate mepesi zaidi, na vijiwe vyake ni vichache. Upungufu wa maji mwilini, baadhi ya dawa zinazokausha kinywa, na maambukizi ya mara kwa mara huchangia kuyafanya mate yatuame.

Wakati huohuo majina mengine yalianza kutengwa na lile la jumla. Mwaka 1896 Hermann Küttner alieleza ugumu wa tezi ya chini ya taya unaofanana na saratani ilhali ni uvimbe sugu. Johann von Mikulicz alikuwa ameripoti mgonjwa aliyevimba tezi za machozi na za mate kwa pamoja. Mwaka 1933 daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, alichapisha tasnifu kuhusu wanawake waliokuwa na ukavu wa macho na wa kinywa, wengi wao wakiwa na maumivu ya viungo. Mwaka uliofuata Claud Johnson na Ernest Goodpasture wa Marekani walithibitisha kwamba matubwitubwi huambukizwa kwa virusi. Ndani ya kizazi kimoja, uvimbe uliokuwa na jina moja ulikuwa umepata majina kadhaa, kila moja na sababu yake.

5. Kuona kisichoonekana

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei. Kwa kuwa vijiwe vingi vya tezi ya chini ya taya vina kalsiamu ya kutosha, picha ya kawaida ya sakafu ya kinywa, inayopigwa kwa filamu ndogo iliyoumwa kati ya meno, iliweza kuvionyesha. Hata hivyo, takriban kimoja kati ya vitano vya tezi hiyo, na vingi vya tezi ya kando ya sikio, havionekani kwa njia hiyo. Mwaka 1913 daktari Mfaransa Arcelin aliingiza dawa yenye bismuthi katika mfereji ili njia yote ionekane kwenye picha. Katika miaka ya 1920 mafuta yenye aidini yalichukua nafasi ya bismuthi, na upigaji picha wa mifereji ya mate ukawa kipimo cha kawaida kwa miongo mingi. Haukufaa kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali, kwa kuwa kusukuma dawa ndani ya tezi iliyojaa usaha huongeza madhara.

Leo kipimo cha kwanza katika mahali pengi ni ultrasaundi. Hakina mionzi, hakihitaji sindano, na kwa vijiwe vinavyozidi milimita 2 hadi 3 hukosea mara chache mikononi mwa mtaalamu. Kwa ukanda wetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mashine za ultrasaundi zimeenea hadi hospitali nyingi za wilaya kwa ajili ya huduma za wajawazito. Mashine ipo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi ya rufaa inayoitaka imulikie tezi ya mate.

Kabla ya mashine, mikono ina kazi yake. Tabibu huingiza kidole kilichovikwa glavu katika sakafu ya kinywa, mkono wa pili ukiwa chini ya taya, na kupapasa tezi na mfereji kati ya mikono miwili, kutoka nyuma kuja mbele. Kisha huikamua tezi taratibu na kutazama kitundu cha mfereji. Mate safi, mate yenye ukungu, usaha, au ukavu mtupu, kila kimoja kina habari yake.

6. Kutoka kukata tezi hadi kuiokoa

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, jiwe lililo karibu na kitundu liliondolewa kwa kuupasua mfereji kupitia kinywani, na jiwe lililojificha ndani ya tezi lilimaanisha kuondolewa kwa tezi nzima. Upasuaji huo una hatari zake. Neva ya ulimi hupita chini ya mfereji wa tezi ya chini ya taya na kuuzunguka. Tawi la neva ya uso linaloshusha pembe ya mdomo hupita karibu na kingo ya taya. Na neva yote ya uso hupita ndani ya tezi ya kando ya sikio. Mkato mmoja usio sahihi unaweza kumwacha mtu na mdomo uliopinda maisha yake yote.

Mwelekeo ulibadilika mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 1980 madaktari wa Munich walimtibu kwa mara ya kwanza mgonjwa wa mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko yanayolivunja jiwe bila kisu. Kabla ya muongo huo kwisha, Heinrich Iro na wenzake huko Erlangen, Ujerumani, walikuwa wakitumia mbinu hiyo kwa vijiwe vya mate. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, Philippe Katz wa Paris, na baada yake Oded Nahlieli wa Israeli na Francis Marchal wa Geneva, waliendeleza matumizi ya kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya mfereji wenyewe. Kwa kamera hiyo kijiwe kidogo hunaswa kwa kikapu cha waya na kuvutwa nje. Njia ile Stensen aliyoijua kwa kijiti mwaka 1660 ikawa mlango wa tiba.

Si kila mgonjwa anahitaji zana hizo. Vijiwe vidogo vilivyo karibu na kitundu huweza kutoka kwa kunywa maji ya kutosha, kukanda tezi kuelekea mbele, kitambaa cha maji moto, na kulamba kitu kichachu ili mate yasukume. Kukiwa na homa, wekundu na usaha, mgonjwa huhitaji dawa za kuua bakteria kwanza. Kwa hiyo hatua kadhaa za mwanzo zinaweza kuchukuliwa katika zahanati ya kawaida, mradi ugonjwa umetambuliwa na kuitwa jina lake.

7. Jina moja, maradhi mengi: hali ya Afrika Mashariki

Historia iliyotangulia inatufikisha kwenye suala la nyumbani. Kamusi za lugha mbili zilizoandikwa tangu karne ya 19 zilitafuta usawa wa neno kwa neno, na matubwitubwi na perema yakalinganishwa na jina la Kiingereza la ugonjwa mmoja wa virusi. Katika vinywa vya wasemaji, neno liliendelea kutaja sura ya uvimbe. Hivyo ndivyo neno la dalili lilivyopandishwa cheo na kuwa neno la ugonjwa bila wasemaji wake kuarifiwa. Mzazi anaposema matubwitubwi, anaeleza alichoona. Mhudumu anapoandika matubwitubwi, au tafsiri yake ya Kiingereza au ya Kifaransa, ameshatoa hukumu.

Hukumu hiyo mara nyingi ni sahihi. Chanjo ya kawaida ya watoto nchini Tanzania, Kenya na Uganda hukinga surua na rubela, na haimo kinga ya matubwitubwi, ingawa chanjo yake imekuwapo duniani tangu mwaka 1967. Virusi hivyo bado vipo katika jamii zetu. Tatizo ni wale ambao si wagonjwa wa virusi, na wako wa aina angalau tatu.

Wa kwanza ni mtoto anayesemwa kuwa amepata matubwitubwi mara tatu au nne. Ugonjwa wa virusi kwa kawaida humpata mtu mara moja. Uvimbe unaorudi unaashiria jambo jingine, kama vile uvimbe wa kujirudia wa tezi ya kando ya sikio kwa watoto, au kijiwe kwa wakubwa. Lakini jina likirudiwa bila kuhojiwa, mara ya nne huonekana kuwa bahati mbaya tu.

Wa pili ni mtoto ambaye tezi zake za kando ya masikio zimevimba bila maumivu kwa wiki na miezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga hatua za ugonjwa kwa watoto wenye VVU unataja uvimbe wa kudumu wa tezi hizo usio na maelezo mengine kuwa miongoni mwa dalili za hatua ya pili. Kwa mtoto huyo, neno matubwitubwi linaweza kuchelewesha kipimo ambacho kingeokoa maisha yake.

Wa tatu ni mtu mzima mwenye uvimbe mgumu usiouma unaokua taratibu, hasa ukiambatana na kulegea kwa upande mmoja wa uso. Huyo anahitaji kuonwa na mpasuaji bila kuchelewa.

Ukanda huu una kielelezo chake cha kukataa kuridhika na jina la jumla. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Denis Burkitt, mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto waliovimba taya kwa namna isiyofanana na maambukizi ya kawaida. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Katika kutafuta ugonjwa huo ulikoenea, alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wameona kitu cha aina hiyo, na mwaka 1961 akafanya safari ndefu kwa gari kusini mwa Kampala kutembelea hospitali kadhaa. Saratani aliyoitambua sasa ina jina lake. Kwa mtafiti wa lugha, picha zile zina funzo: ambapo majina ya mahali yangechanganya, Burkitt aliuliza kwa sura na kwa maswali yaleyale kila alikokwenda.

8. Istilahi: Kiswahili kina nini?

Pingamizi linalosikika katika mijadala ya istilahi za tiba ni kwamba maneno ya kitaalamu hayawezi kusemwa kwa lugha ya nyumbani bila kupoteza usahihi. Historia ya maradhi haya inalikanusha pingamizi hilo. Jina la kitaalamu sialolithiasi limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya mate na jingine jiwe. Kalkuli ni Kilatini cha kijiwe, likiwa na udogishi uleule unaoletwa na kiambishi ki- katika Kiswahili. Parotidi ni Kigiriki cha kando ya sikio. Waliounda maneno hayo walisema mambo ya kawaida kwa lugha walizozithamini. Tunayoyaona leo kuwa ya kitaalamu ni maneno ya kawaida ambayo jamii ya wataalamu imekubaliana kuyatumia kwa maana moja.

Kiswahili kimekwisha kupiga hatua hiyo mahali pengine. Mgonjwa wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura akiambiwa ana mawe kwenye figo, anaelewa. Kusema ana kijiwe kwenye mfereji wa mate ni kupanua muundo anaoujua. Ni kweli kwamba mijini kijiwe pia ni mahali vijana wanapokutana kuzungumza, lakini hakuna mgonjwa atakayechanganya maana hizo mbili akiwa ameonyeshwa picha ya taya yake.

Ugumu halisi upo katika neno tezi. Katika matumizi ya kila siku, tezi huweza kuwa kiungo na pia ugonjwa: kusema mtu ana tezi ni kusema ana uvimbe, ilhali kila mtu ana tezi tangu kuzaliwa. Kwa hiyo tezi ya mate inaweza kusikika kama jina la ugonjwa. Njia nyepesi ni kutolitumia neno hilo peke yake mbele ya mgonjwa, na kulitanguliza neno uvimbe pale ambapo ugonjwa ndio unaotajwa: uvimbe wa tezi ya mate.

Kwa msingi huo makala inapendekeza istilahi zifuatazo: tezi ya kando ya sikio, tezi ya chini ya taya na tezi ya chini ya ulimi kwa viungo, mfereji wa mate kwa njia, kitundu cha mfereji kwa mwisho wake kinywani, kijiwe cha mate kwa jiwe, uambukizo wa tezi ya mate kwa hali yenye bakteria, na ukavu wa kinywa kwa upungufu wa mate. Neno matubwitubwi libaki kwa ugonjwa wa virusi katika maandishi rasmi, huku mhudumu akifundishwa kwamba mzazi analitumia kwa upana zaidi na hakosei kufanya hivyo.

Utenganisho huu tayari umo katika kumbukumbu za hospitali. Katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, matubwitubwi ya virusi yana alama B26, na maradhi ya tezi za mate yako chini ya K11, kijiwe kikiwa K11.5. Alama zinatofautisha, na kauli inayotangulia alama hizo haitofautishi. Takwimu inayojengwa juu ya kauli hiyo itakuwa na kasoro hiyohiyo.

9. Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba kila hatua ya historia hii ilifuata swali lililoligawa jina. Mwandishi wa Thasos aliuliza kama kuna usaha. Al-Zahrawi aliuliza rangi na ugumu. Wharton na Stensen waliuliza mate hupita wapi, na Ludwig akauliza nani huyaamuru. Zana zilizofuata zilijibu kwa ufasaha zaidi maswali ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuyauliza.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama na vyuo vya tiba, isanifishe istilahi za tezi za mate kama kundi moja, ili mgonjwa anayevuka mpaka kutoka Gisenyi kwenda Goma au kutoka Namanga upande mmoja kwenda mwingine asibadilishiwe jina la ugonjwa wake. Pili, miongozo ya zahanati iwe na maswali manne kwa Kiswahili sanifu na chepesi: Je, huvimba unapokula na kunywea baadaye? Je, hii ni mara ya ngapi? Je, uvimbe umekaa zaidi ya wiki mbili? Je, uso umelegea upande mmoja, au kinywa na macho ni makavu? Jibu la ndiyo kwa swali lolote, au jibu la zaidi ya mara moja kwa swali la pili, litoshe kumwandikia mgonjwa rufaa ya uchunguzi. Na mtoto ambaye uvimbe wake umekaa zaidi ya wiki mbili apimwe VVU bila kusubiri. Tatu, mafunzo ya wauguzi na matabibu yatumie maneno ambayo watayasema kwa mgonjwa, badala ya kumwachia kila mmoja atafsiri peke yake mlangoni mwa wodi.

Gharama ya mapendekezo haya ni ndogo ikilinganishwa na ya mashine moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya ufa ni wa maneno, na wenye jukumu la kuuziba ni sisi tunaoshughulika na lugha, pamoja na wale wanaoitumia kumhoji mgonjwa.